Gunia la Recho

Kwa miaka mitatu Adolf, mkufunzi wa takwimu katika chuo kimoja mjini Kigoma, alifuatilia mfumuko wa bei ya nishati ya majumbani katika nchi thelathini tajiri: umeme, gesi, mafuta ya kupasha nyumba joto. Tarakimu hizo alizitoa katika tovuti za serikali zao. Kwenye mchoro wake akaongeza mstari mmoja wa kwao, mkaa wa soko la Mwanga. Bei zake zilikusanywa na Recho, karani mstaafu wa shule, aliyewauliza wauzaji wanane wale wale kila tarehe kumi.

Mistari ya matajiri ilipanda kama watu wanaokimbia mafuriko. Wa Mwanga ulilala. Gunia lilikuwa elfu thelathini mwezi wa kwanza, na elfu thelathini mwezi wa thelathini na sita. Juu ya ulalo huo Adolf alijenga hoja kwamba soko lililo mbali na mabomba ya gesi halitikisiki. Saa tisa alasiri angeisoma mbele ya madiwani na wakuu wa chuo, na cheo cha uhadhiri kilitegemea kikao hicho.

Asubuhi ya siku hiyo ya kikao mkaa ulikwisha nyumbani. Mkewe alikuwa Kasulu. Adolf, ambaye hakuwahi kununua mkaa maishani, alikwenda Mwanga kwa Winfrida, wa kwanza katika orodha ya wauzaji wa Recho.

"Gunia elfu sitini na tano, baba."

"Mama, nimeuliza la mkaa."

"Kwani hapa unaona dhahabu?"

Wa pili alitaja bei ile ile. Wa tatu alimpunguzia elfu moja, kwa kuuhurumia uso wake.

Alipanda bodaboda hadi Rusimbi, kwa Recho.

"Dada Recho, bei hizi ulikuwa unaziandikia kitandani?"

Recho alijitanda kanga, akaita bajaji, wakaenda wote wawili kusimama mbele ya Winfrida.

"Winfrida, gunia kiasi gani?"

"Elfu thelathini, dada. Nikupakilie?"

Adolf aliingia kati yao.

"Mimi umeniambia sitini na tano! Leo hii!"

"Wewe umenizikia nani?"

Wanawake wa safu nzima walicheka. Winfrida akaeleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto. Recho ndiye katibu wa kikundi chao cha kufa na kuzikana, na wauzaji wote wanane ni wanachama. Mkaa ulipoanza kupanda walikaa, wakakubaliana kwamba yeye asipandishiwe bei.

"Alilala msibani kwangu siku saba. Nimuuzie kama mpita njia?"

"Lakini alikuwa anaandika!" Adolf alisema. "Hamkumwona na daftari?"

"Tulimwona. Tukajua anaandika ili tusije tukambadilikia."

Recho alikuwa ameketi juu ya gunia bila kujali nguo zake.

"Regina jirani yangu alilia mbele yangu kwamba mkaa umemshinda," alisema. "Nikamwambia hajui kununua. Nikamwambia ni mvivu wa kutembea sokoni." Akamtazama Winfrida. "Kila gunia mlikuwa mnakula hasara?"

"Nyamaza, dada. Wateja wanasikia."

Saa tisa Adolf alisimama ukumbini na mchoro wenye mistari thelathini. Ule wa Mwanga alikuwa ameufuta, na pamoja nao kurasa kumi na saba. Alisoma alichobaki nacho. Katikati ya usomaji alikwama, akautazama mstari wa Japani, akajiuliza nani huuliza bei ya gesi kule, na amewahi kukaa msibani na nani. Nusu saa nzima ilimbaki mkononi.

Diwani mmoja alinyoosha mkono.

"Mwalimu, hayo ya Wazungu na Wajapani tumeyasikia. Kwetu je?"

"Kwetu hatujui," Adolf alijibu. "Nilimtuma mtu anayependwa."

Mwenyekiti aliahirisha suala la cheo kwa sentensi fupi, akaagiza kazi ya Mwanga ianze upya, kisha akauliza kwa upole kama chuo hakina mtu asiyependwa na yeyote pale sokoni.

Wenzake wote wa idara wakageuka kumtazama Adolf.