Shahidi Asiyekupenda

"Nina mutoto humu nyumbani," Nkambo Célestine alisema asubuhi moja, huku akichambua ndagala kwenye lungo. "Hali, hanywi, hatembei. Lakini kila jua likitoka anaomba pesa. Ni nani?"

Mwanawe, Papa Norbert, alikuwa amekaa mulangoni akiziba matundu ya wavu. Hakufikiri hata kidogo. "Njo dosie ya Blandine."

Blandine, binti yake na mujukuu wa Nkambo, alicheka kuliko wote, ingawa dosie ilikuwa yake na yeye ndiye aliyetaka kwenda universite asomee umunganga, aje kuvaa koti jeupe pale hospitalini. Dosie yenyewe, lile fungu la karatasi za kuombea nafasi, ilikuwa inaning'inia kwenye musumari juu ya kitanda chake, ndani ya mufuko wa plastiki, mbali na panya na mbali na mikono ya chakula. Ilikuwa imekula kweli. Ilikula fotokopi za diplome na muhuri wa kila fotokopi. Ilikula picha, na picha zikapigwa mara ya pili kwa sababu kitambaa cha nyuma kilitoka na rangi ya bluu na universite ilitaka cheupe. Ilikula karatasi ya hospitali ya kusema kwamba Blandine ana afya, ambako alifunikwa jicho moja, akarukishwa kwa muguu mumoja, akaambiwa apumue kana kwamba kupumua ni kazi mupya. Halafu kulikuwa na pesa ya kuandikishwa, ile ya kulipa kwenye benki, na hiyo ndiyo iliyochelewa, maana ziwa lilikuwa limefungwa kwa ile miezi ya kuacha samaki wazae, na muvuvi hana shamba lingine. Lilipofunguliwa, ndagala wa kwanza wa Papa Norbert hawakuonja sufuria ya nyumbani. Walipitia sokoni wakaenda moja kwa moja benki.

Alama zilikuwepo. Fakilte ya umunganga haikutaka muntu wa chini ya asilimia sitini, na siku jibu la mutihani wa Serikali lilipofika kwa telefone, Blandine alikuwa na sitini na mbili. Avenyi nzima, watu wote wa njia yao, ilimumwagia poda kichwani mpaka akaonekana kama andazi lililoangukia kwenye unga.

Sasa ilibaki karatasi moja tu. Kesho kutwa, saa sita za muchana, biro ya universite ingefunga mulango wake, na dosie isiyotimia ingengoja mwaka muzima. Karatasi hiyo ilikuwa ya kushuhudia kwamba Blandine ni muntu wa maisha mema na mwenendo mwema, na ilitolewa na chefu wa kartie, mukubwa wa mutaa wao.

Kwa chefu wa zamani lisingekuwa jambo. Ulisalimia, ukaacha kitu kidogo mezani, akapiga muhuri bila kuinua macho. Watu walisema siku moja alimupigia muhuri wa mwenendo mwema kijana aliyekuwa amekuja na baiskeli ya chefu mwenyewe, iliyoibwa wiki iliyopita. Lakini chefu mupya, Papa Hippolyte, alikuwa mwalimu aliyepumzika, na kazi ya mwalimu ilikuwa haijapumzika ndani yake. Kitu kidogo hakukipokea. Alimuuliza Blandine atasaini namna gani jambo ambalo hajui. Kisha akamueleza sheria yake: alete mashahidi watatu wa avenyi. Wawili achague mwenyewe. Wa tatu awe muntu ambaye wamewahi kugombana.

"Wale wawili watakusifu, ninawajua," Papa Hippolyte alisema. "Yule wa tatu njo nitamusikiliza."

Blandine alitoka pale akitafuta njia ya mukato. Alimuendea Jovial, waliyesoma naye darasa moja, akamuomba awe adui yake kwa nusu saa. Jovial alikubali kwa furaha. Walirudi wote wawili kwa chefu, wakasimama mbele ya biro, Jovial akaanza kumulalamikia kwamba alimunyima kalamu siku ya mutihani. Hakufika mwisho. Aliona mudomo wa Blandine unatetemeka, naye akashikwa, wakacheka mpaka wakakalia udongo.

"Adui wa mukopo sipokei," Papa Hippolyte akasema kutoka dirishani.

Ukweli ni kwamba adui wa kweli alikuwepo, na Blandine alimujua tangu mwanzo. Alikuwa Mama Agathe, muuza tangawisi, kile kinywaji cha tangawizi na sukari, nyumba ya tatu kutoka kwao.

Mambo yao yalianza mvua za mwaka uliopita, kolera ilipokuwa inatembea pwani ya ziwa. Blandine alikuwa kwenye robineti, lile bomba la maji la avenyi, na ndoo yake, kwenye mustari murefu, akamuona Mama Agathe anapita na bidoni ya maji ya ziwa, anaimimina moja kwa moja kwenye pipa lake la tangawisi. Wakati huo Blandine alikuwa ametoka kwenye somo la biolojia, na somo lilikuwa bado la moto kichwani. Akapaza sauti, mustari wote ukasikia: "Musikunywe ile. Ni kolera yenye sukari."

Watoto waliligeuza neno hilo kuwa wimbo siku ile ile. Mama Agathe alikaa wiki nyingi bila muteja. Tangu hapo, wakikutana, kila mumoja alikuwa na jambo la kutazama upande mwingine.

"Lakini nilisema kweli," Blandine alimuambia Nkambo jioni ile. "Nikaombe musamaha kwa kusema kweli?"

Nkambo Célestine aliweka lungo lake chini. Alimusogezea kiti kidogo, akasema: "Kitendawili."

"Nkambo, leo sina moyo wa vitendawili."

"Kuna kitu chako, umezaliwa nacho. Jirani anakiona kila siku. Wewe hujakiona hata mara moja."

Blandine hakuweza kujizuia. Alianza na moyo, akakumbuka kwamba moyo jirani hauoni. Akajaribu ini, wengu, kongosho, akazunguka mwili muzima kama muntu anayepekua duka. Nkambo alitikisa kichwa kila mara, akifurahi zaidi na zaidi.

"Kisogo," akasema mwishoni. "Umesoma mwili wote, kisogo umekisahau. Na Mama Agathe amekitazama cha kwako mwaka muzima, kwa sababu kila ukipita unamugeuzia hicho. Nenda umuonyeshe uso."

Alienda. Mama Agathe alikuwa nyuma ya nyumba, anatwanga tangawizi, na harufu yake ilikuwa kali kiasi cha kumufanya Blandine apige chafya kabla ya kusalimia. Si mwanzo aliokuwa ameupanga.

"Karibu, munganga," Mama Agathe alisema. Hakumupatia kiti.

Blandine alieleza habari ya karatasi, ya chefu, ya shahidi wa tatu. Mama Agathe aliendelea kutwanga.

"Na mimi nikisema vile ninavyokujua?"

"Njo vile chefu anataka, mama."

Muchi ukasimama. Blandine akaona ndiyo nafasi, akaanza kusema anaomba musamaha, lakini Mama Agathe aliinua mukono wenye maji ya tangawizi akamukatiza.

"Hapana. Ulinipatia aibu mbele ya mustari wote wa robineti, halafu unataka kuniomba musamaha mbele ya kinu? Kesho asubuhi nitakuja. Utasema mbele ya watu."

Hakusema kama atakuja kumusaidia au kumumaliza. Blandine alirudi nyumbani, akalala akiwa ametazama ile dosie pale juu ya musumari.

Asubuhi uwanja wa Papa Hippolyte ulikuwa umejaa. Habari ilikuwa imetembea, na watu wa avenyi hawakosi jambo la kutazama bure. Shahidi wa kwanza, mwalimu wa kwaya, alimusifu Blandine mpaka Papa Hippolyte akamuomba apunguze. Shahidi wa pili alisema kwamba musichana huyu humusaidia kila mara kusoma maandishi madogo kwenye sanduku za dawa, na kwamba ana heshima, ila anatembea haraka. Chefu aliandika vyote viwili bila haraka.

Kisha Mama Agathe akaingia. Alikuwa amevaa kikwembe cha siku ya misa, na juu ya kichwa chake kulikuwa na ndoo kubwa yenye kifuniko. Aliitua katikati ya uwanja, akachomeka mikono kiunoni, akangoja.

Blandine alipiga magoti. Usiku alikuwa ametunga maneno marefu, na yote yalikuwa yameondoka.

"Mama Agathe, nilikuaibisha mbele ya watu. Ningekuja kwako nyumbani, nikuambie taratibu. Sikufanya hivyo. Ninaomba unisamehe."

Watu waliguna kwa kuridhika. Mama Agathe alikuwa bado hajatosheka.

"Hiyo ni ya aibu. Na maji je?"

Blandine alitazama chini. Nyuma yake alimusikia Nkambo akivuta pumzi. "Maji," alisema polepole, "maji yalikuwa ya ziwa, mama."

Kicheko kilipita uwanjani, kisha kikajizima chenyewe. Mama Agathe alifunua ndoo. Akachota kikombe kilichojaa, akakishika mbele ya uso wa Blandine.

"Basi kunywa. Ukinywa, ninamuambia chefu wewe ni mutoto muzuri, tumemaliza, unaenda kwenye universite yako."

Blandine alikipokea kwa mikono miwili. Tangawisi ilinukia vizuri. Mbele yake, mezani kwa Papa Hippolyte, aliona karatasi nyeupe na muhuri umekaa kando yake, karibu kabisa kuigusa. Tone moja lingemufanya nini? Alijua pia kwamba akinywa yeye, watakunywa wote, na watoto walikuwa wamekwisha kusogea, kila mumoja anatafuta nafasi ya mbele. Papa Norbert alikuwa anamutazama kwa macho ya kumusihi, yaani, kunywa mwanangu, ndagala wetu wote wako ndani ya mufuko ule.

Blandine alisimama na kikombe chake. Alisogea mpaka bega lake likagusa bega la Mama Agathe, akainama kwenye sikio lake, akanong'ona.

Hakuna aliyesikia. Papa Hippolyte aliinua kalamu. "Amesema nini? Ushahidi ni wa wote."

Mama Agathe alikuwa ameshika tumbo. Kicheko chake kilianza chini, kikapanda, kikamufanya akae chini kando ya ndoo na kufuta macho kwa ncha ya kikwembe.

"Ameniuliza kama imechemuka," alisema alipopata pumzi.

Uwanja ulilipuka. Wengine waliita Yesu, wengine walipiga makofi, Jovial aliruka juu. Nkambo Célestine alifunika uso kwa mikono, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka.

"Karatasi yake iko pale mezani, na bado ameniuliza," Mama Agathe akaendelea, na sasa hakuwa anacheka sana. "Papa Hippolyte, andika. Andika kwamba ana kichwa kigumu, kabisa. Mwaka jana alinipigia kelele mbele ya robineti. Leo ameniuliza kwenye sikio. Andika na hiyo. Mimi munganga wa namna hiyo ninaweza kumuonyesha kidonda changu."

"Na je, imechemuka?" chefu aliuliza. Alikuwa mwalimu, hakuacha swali bila jibu.

"Tangu wiki ile ile. Nilikasirika naye muchana, na jioni nikaweka sufuria motoni. Makaa yanakula faida yangu kila siku kwa ajili ya huyu mutoto. Akiisha kuwa munganga atanitibu bure, na hiyo nayo uiandike."

Blandine alikunywa kikombe kile mpaka chini. Kilimuchoma koo, machozi yakamutoka, akaomba kingine. Watu wakajipanga wenyewe mbele ya ndoo. Hapo Mama Agathe akasimama, akatoa vikombe vingine kutoka kwenye kikapu ambacho hakuna aliyekuwa amekiona.

"Cha kwanza kilikuwa cha munganga," alitangaza. "Hivi vingine ni vya kulipa."

Wakalipa, wakicheka. Ndoo ilikauka kabla ya muhuri kukauka.

Kesho yake Papa Norbert alimupeleka Blandine kwa pikipiki, dosie ikiwa kifuani mwake kama mutoto muchanga. Walifika mapema. Mama sekretere wa biro alipanga karatasi moja moja, diplome, picha zenye nyuma nyeupe, risiti ya benki, karatasi ya hospitali, mpaka akafika kwenye ile ya chefu. Kwa kawaida ilikuwa mistari miwili na muhuri. Hii ilikuwa imejaa pande zote mbili, kwa mwandiko wa mwalimu.

Sekretere alisoma. Alirudi juu, akasoma tena, akamuita mwenzake wa meza ya pili, wakasoma pamoja vichwa vikigusana. Mwenzake alianza kucheka kabla yake.

"Miaka yote niko hapa," sekretere alisema, "hii njo ya kwanza niliyosoma mpaka mwisho." Akapiga muhuri wake juu ya dosie, pu, akamuandikia Blandine karatasi ya kuonyesha kwamba imepokelewa, na siku ya mutihani wa kuingia. Akamuambia aende asome kemia vizuri, kwa sababu kemia haina shahidi. Halafu akauliza kama huyu Mama Agathe hawezi kupita hapa siku moja na ile ndoo yake, maana biro ina joto na feni imekufa.

Blandine aliikunja karatasi yake mara mbili, akaitia ndani ya Biblia ndogo aliyobeba. Akajibu kwa heshima zote kwamba Mama Agathe atakuja bila shaka, na kwamba imechemuka, lakini watayarishe pesa kabisa, kwa sababu yule mama habebi cha bure.