Mhuri wa Ukurasa wa Arobaini na Saba

Saa mbili asubuhi Evodia, mkutubi wa chuo, alipanda juu ya kiti cha wasomaji, akabandika tangazo kwenye ubao wa Habari na Matukio. Wiki ya Maktaba: leo saa nne Alhaji Shamte, mfanyabiashara wa mafuta ya alizeti wa Utemini, atakikabidhi chuo vitabu sitini na viwili vya uuguzi. Mwandiko ulikuwa wake. Ndani ya mkoba wake ilikuwamo barua yenye idadi hiyohiyo: vitabu sitini na viwili vya uuguzi vimepotea mikononi mwake kwa uzembe, afike mbele ya kamati ya nidhamu Jumatatu. Miaka kumi na moja ya kazi, na jina lake, vilining'inia kwenye karatasi ile.

Barua ilisainiwa na Dokta Hosea, mkurugenzi wa maktaba. Funguo za stoo alizichukua yeye mwezi wa pili mwaka huu, akasema ni utaratibu mpya. Vitabu vikatoweka mwezi wa tatu. Evodia alipotoa taarifa aliambiwa aiweke kwa maandishi. Akaandika, na maandishi nayo yakapotea.

Jana maboksi ya Alhaji yalipofika, alifungua la kwanza, akatoa kitabu cha juu. Jalada lilibandikwa jina la mfadhili. Ukurasa wa mbele, mahali pa mhuri, ulikuwa umechanwa kwa rula. Akafunua ukurasa wa arobaini na saba. Mhuri ulikuwapo, chini kabisa, mdogo, wa zambarau: jina la maktaba na tarehe, 14 Machi 2019, siku chuo kilipokinunua. Ni ukurasa wa siri ambao maktaba hugonga mhuri wa pili, unajulikana na wale tu wanaopanga rafu, na Dokta Hosea hakuwahi kupanga rafu hata siku moja. Evodia alicheka peke yake kati ya maboksi, kicheko kibaya. Jambazi yule angevuliwa nguo mbele ya chuo kizima, na yeye angesimama mbele ili aone vizuri.

Kwa hiyo asubuhi hiyo vitabu vyote sitini na viwili alivipanga mezani vikiwa wazi kwenye ukurasa huohuo.

"Dada Evo, mbona umevifunua?" aliuliza Kauthar, mwenzake wa kaunta.

"Vipate hewa."

Kauthar aliinama, akasoma, akanyanyuka taratibu. "Utatuponza wewe," alisema, akaenda kusimama mlango wa mbali.

Mgeni rasmi aliingia na vigelegele. Wanafunzi wa uuguzi walikaa mbele, sare zimepigwa pasi. Dokta Hosea alikuwa na kipaza sauti na tabasamu la kukodi.

"Shikamoo, Alhaji," alisema Evodia, akamkabidhi kitabu cha ukunga kwa mikono miwili.

"Marahaba, mwanangu."

"Tusomee hapo chini, baba."

Mzee akavaa miwani, akasogezewa kipaza sauti. "Mali ya maktaba ya chuo..."

"Na tarehe, baba."

Alhaji aliitazama tarehe. Hakuisoma. Evodia aliiona shingo ya Dokta ikilowa jasho ndani ya kola, akafurahi kama mwenye kiu ya siku tatu aliyepewa maji. Alhaji akamtazama Dokta, Dokta akamtazama Alhaji. Tenda ya kupeleka mafuta jikoni mwa chuo ilikuwa bado haijasainiwa, na wote wawili walilijua hilo.

"Jamani!" Alhaji akacheka kwenye kipaza sauti. "Vitabu nimeleta jana, leo tayari vina mhuri! Hii ndiyo kasi tunayoitaka!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

"Asome tarehe!" Evodia alipaza sauti. "Mwambieni asome tarehe!" Mshereheshaji akafungulia muziki.

Baada ya picha, Dokta alimwita ofisini.

"Funga mlango. Mhuri wa tarehe kwenye jengo hili anashika nani?"

"Mimi."

"Unaweza kurudishwa nyuma mpaka mwaka unaotaka?"

"Unaweza."

"Basi umeghushi. Umegonga vitabu vya mfadhili tarehe ya uongo ili ujinasue Jumatatu. Polisi wataelewa hivyo, na Alhaji kaona kwa macho yake." Akasukuma wembe juu ya meza. "Kata hizo kurasa. Zote. Ukimaliza zitie kwenye moto wa pilau. Jumatatu nitaiambia kamati nimekusamehe."

"Umenisamehe nini, Dokta?"

"Kata, Evodia. Wageni wanasubiri chakula."

Alikata. Kila karatasi iliyotoka aliiona ni nyama ya Dokta, lakini vilivyokuwa vinajeruhiwa ni vitabu. Motoni alipeleka magazeti ya zamani. Zile karatasi sitini na mbili alizifunga tumboni kwa khanga, chini ya blauzi. Jumatatu angezimwaga mbele ya kamati, moja baada ya nyingine, na Dokta akiwepo. Alijua kamati ingeuliza kwanza nani alishika wembe. Alizifunga hivyohivyo.

Saa tisa alikuja kaunta Witness, mwanafunzi wa mwaka wa pili, na kitabu cha ukunga.

"Dada, si mmesema hivi ni vipya? Hapa wanaeleza mama akitokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Hatua ya kwanza ipo, halafu karatasi imekatwa. Na mimi kesho naingia wodi ya wazazi."

Karatasi ya kitabu hicho ilikuwa pale pale, imelowa jasho kwenye tumbo la Evodia. Kuitoa ilikuwa kazi ya kufungua vifungo viwili. Lakini zikitolewa moja moja, Jumatatu angemwaga nini?

"Sema kwa sauti," alimwambia. "Pale mlangoni kwa Dokta. Sema kitabu cha Alhaji kimekatwa, wakusikie."

Nyuma ya mlango ule watu walikuwa wanakula na kucheka. Witness aliutazama mlango, akamtazama Evodia, akashusha sauti.

"Basi, dada. Nitawauliza wa mwaka wa tatu."

Evodia alimgongea tarehe ya kurudisha, akamwacha aende wodini na kitabu kile.