Sikio Lililochukia Ndugu

Mwaka ule wa hamsini na nne, meneja wa shamba moja la mkonge upande wa Mwera aliletewa kutoka Ulaya mashine ya kusikiliza watu. Lilikuwa sanduku jeusi lenye mdomo wa bati uliochanua kama ua la boga, na juu yake balbu mbili, ya kijani na nyekundu. Kila safu ya nyumba za kambi ilitundikiwa moja. Manamba, vibarua wa mkataba, wakaliita Sikio.

Sikio lilikuwa limejazwa maneno ya Kiswahili, matusi upande mmoja, mapatano upande wa pili. Watu wakitukanana, linawaka kijani: hao waachwe wakae pamoja. Wakiitana ndugu, linawaka jekundu, mnyapara Kombo anaandika majina, na kukicha mmoja wao anahamishiwa kambi ya mbali. Meneja alipiga hesabu nyepesi kwamba wanaochukiana hawawezi kugoma pamoja.

Na sababu ya kugoma ilikuwapo. Mafungu ya mkonge ya kukata kwa siku yalikuwa sabini, naye meneja ameyafanya tisini. Mselem, mkataji aliyetoka Mkwaja, alitaka ipangwe siku moja ambayo kuanzia hapo hakuna mtu atakayeshika kisu mpaka sabini irudi. Alimwambia binamu yake Uweso, "Ndugu yangu, tukubaliane." Uweso alihamishwa asubuhi yake. Akajaribu kwa Luka, jirani yake, na Luka naye akaenda. Kombo akamwonya kwamba jekundu la tatu litamtoa yeye mwenyewe shambani, na kipande chake cha kuhesabia siku za kazi hakijajaa.

Ikawa kambi ya ajabu. Watu walitoleana shikamoo kwa kunong'ona. Mkewe Mselem, Mwatumu, alijifunza kumpakulia ugali huku akimwita zuzu, na Mselem akala kwa shukrani huku akimwita kisirani.

Ndipo lori likaleta manamba wapya kutoka Tabora. Wa kwanza kushuka, Noa, Mnyamwezi mrefu mwenye kofia ya majani, alisikia Mselem akizungumza, akauliza kama yule si Mzigua. Akajibiwa ndiye.

"Kumbe hamjaisha," Noa alisema. "Babu yangu aliniambia aliwauza wote Saadani, tena kwa bei ya hasara."

Mselem hakuwa amesikia maneno matamu kiasi kile tangu Sikio lifike. Alimnyang'anya kofia, akaivaa. "Nami babu yangu alimtumia babu yako kubeba godoro," alisema. "Njoo unipigie magoti, mtumwa wangu, nikuonyeshe pa kulala."

Kijani kiliwaka hata mbu wakakimbia. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani atakutukana mbele ya mkweo, na siku ukifa atalala ndani ya kaburi lako agome kutoka mpaka apewe kuku. Lakini ukiugua ndiye atakayekuchotea maji. Haya hakuna aliyemweleza meneja. Kombo aliyajua tangu utotoni, ila aliajiriwa kuandika majina, na kueleza hakukuwamo kwenye mkataba.

Meneja alifurahi. Akaagiza Wazigua wote na Wanyamwezi wote wapangwe nyumba moja moja, Mzigua na Mnyamwezi.

Jumapili jioni Mselem alisimama uwanjani, chini ya Sikio, akawatangazia Wanyamwezi kwamba yeyote atakayeonekana kesho na kisu mkononi ni mtumwa wake, yeye na wajukuu zake. Noa akajibu kwamba Mzigua atakayekata hata jani moja kabla ya sabini kurudi atazikwa hai, na sanda yake itashonwa suruali. Wengine wakapokea, safu kwa safu. Kijani kikawaka hadi usiku.

Jumatatu hakuna aliyetoka. Jumanne vilevile. Meneja aliyakagua Masikio yote, akayakuta mazima. Jumatano alikuja uwanjani mwenyewe, shati limelowa jasho, akiwa na Kombo na daftari lake. Watu walikuwa wamekaa chini, Mselem na Noa mbele, wakigombea ile kofia.

Meneja, ambaye kwa miaka sita alikuwa akiwaita kwa kuwapigia mluzi, alikohoa.

"Ndugu zangu," alisema. "Basi, iwe sabini. Tukubaliane."

Sikio likawaka jekundu, kisha likalia kama mbuzi aliyekanyagwa.

Noa aliacha kofia, akamtazama Mselem, na Mselem akamtazama Kombo. Mselem alikuwa akimkumbuka Uweso, na Luka, na kila jina lililoingia kwenye daftari lile.

"Mnyapara," alisema kwa upole, "sheria si inajulikana?"

Kombo alifungua daftari. Akailamba ncha ya penseli, kama alivyofanya kwa wenzao wote.

"Bwana," alimwuliza meneja, "kambi ya mbali utahamia leo au kesho?"