Bamba la Dohani

Umeme ulikatika Alhamisi asubuhi, Saimi Juntunen akiwa ameinamia sufuria ya supu ya njegere. Hakushtuka. Theluji ilikuwa imeganda kwenye misonobari tangu Krismasi, kila mti umeelemewa na mzigo wake, na katika wilaya nzima ya Puolanka watu walikuwa wakisubiri siku miti itakapoanza kulala juu ya nyaya. Alihamishia sufuria kwenye jiko dogo la kuni la kupikia, akaendelea kukoroga.

Alikuwa na miaka sitini na tisa, na ni mwaka wa nne tangu azike mume. Nyumba yake ilikuwa ya magogo, na katikati yake palisimama jiko kubwa la matofali lililofika hadi darini. Ukilichochea asubuhi, matofali yananywa moto, halafu yanautoa polepole mpaka kesho yake. Saimi alilijua jiko lile kuliko alivyowajua ndugu zake.

Mita mia tatu chini ya kilima, mwanawe Jarkko na mkewe Anniina walikuwa wamejenga nyumba mpya. Nyumba safi, madirisha mapana, joto lake likivutwa kutoka ardhini kwa mashine ya umeme. Dohani haikuwa nayo. Siku ya kuonyesha nyumba, Saimi alisema mbele ya wageni kwamba nyumba isiyo na jiko ni friji inayosubiri zamu yake. Anniina alicheka pamoja na wengine, lakini tangu siku hiyo kila alipopita kwa mama mkwe alisimama mlangoni bila kuvua buti.

Sasa Jarkko alikuwa kaskazini, siku ya tatu, akikata miti iliyoangukia nyaya. Ndiyo kazi yake. Kule chini alibaki Anniina na mtoto wa wiki tano, msichana ambaye kwa kuwa hajabatizwa jina lake lilikuwa bado siri ya wazazi, na wote walimwita Punje. Nje kulikuwa na nyuzi ishirini na tisa chini ya sifuri.

Saimi alikula supu yake, akaosha bakuli, akaketi dirishani. Kiburi kilimwambia asubiri aombwe. Saa nane mtandao wa simu ukafa. Saa tisa, giza likiwa limeshaanza kushuka, alikuwa tayari amevaa buti moja pale alipoona taa ndogo ikipanda kilima. Anniina alikuwa akivuta sleji ya kuteleza thelujini, taa ameifunga kichwani, na ndani ya sleji kulikuwa na fungu la ngozi ya kondoo.

"Friji imewasili," Anniina alisema alipofunguliwa. Kope zake zilikuwa nyeupe kwa barafu.

"Ingia ufunge mlango. Hatupashi joto msitu hapa."

"Ndani kwetu ni nyuzi kumi na moja, Bibi. Kama ningekuwa peke yangu, ningevumilia."

"Najua. Vua buti."

Akazivua. Walimfungua Punje mbele ya jiko, wakamkuta mwekundu, amelala fofofo. Kutoka kwenye mfuko wa nepi Anniina alitoa kidude cheupe, cha ukubwa wa kisahani cha kahawa, akakiweka kwenye rafu karibu na kitanda.

"Nini hicho?"

"King'ora cha gesi ya sumu. Cha kwenye karavani yetu. Jarkko aliniandikia nije nacho, kabla simu hazijakatika."

Saimi alikitazama kama mtu anayetazama panya kwenye meza yake. "Nimewasha jiko hili miaka arobaini na tano. Nimelelea humu watoto watatu."

"Sijasema kitu, Bibi."

"Umekileta. Ni kusema huko."

Hata hivyo usiku ulipita salama. Taabu ilianza Ijumaa asubuhi. Mti mkubwa uliokuwa kando ya banda la kuni ulishindwa na theluji, ukaanguka na kishindo kilichotikisa vioo. Walipochungulia, paa la banda lilikuwa limebonyea katikati na mlango umezibwa kabisa na matawi na theluji. Ndani ya nyumba kulikuwa na sanduku moja tu la kuni kavu, na robo yake ilikuwa imeshaingia kwenye jiko tangu saa moja.

"Nitachimba," Anniina alisema. "Wewe kaa na mtoto."

"Una mshono wa kujifungulia, mwanangu. Nipe mimi hilo koleo."

"Na wewe una goti la bandia. Nani anamdanganya nani?"

Saimi alicheka bila kutaka. Anniina akachukua koleo na msumeno wa mkono, akatoka.

Ilikuwa saa nne na nusu. Saimi alifungua mlango wa jiko akapekua makaa. Juu yalikuwa yameshika majivu, lakini alipoyageuza, chini yalikuwa mekundu bado, na kimwali cha moto wa buluu kikacheza juu yake, kikapotea. Siku nyingine yoyote angengoja zaidi ya saa nzima. Angekunywa kahawa, angefuma soksi, kisha ndipo angesukuma lile bamba la chuma linaloziba dohani ili joto lisitoroke. Kila mtoto wa mkoa wa Kainuu hulijua hilo kabla ya kujua kusoma: usizibe dohani juu ya makaa hai, gesi yake huua.

Lakini kipimajoto cha dirishani kilisema thelathini na moja chini ya sifuri. Kuni za sanduku zingetosha kuwasha mara moja tu. Na kila dakika aliyosimama pale, joto la mjukuu wake lilikuwa linapanda juu na kumwagika angani bure. Aliona kama anaona maziwa yakichuruzika sakafuni. Yamebaki kidogo tu, alijiambia. Akayafukia makaa kwa majivu, akafunga mlango wa jiko, akainua mkono na kulisukuma bamba mpaka mwisho.

Akampakata Punje, akaketi kwenye kiti cha kubembea, mgongo umeegemea matofali.

Kidude kililia baada ya kama nusu saa. Sauti yake ilikuwa kali, ya kuchoma masikio, na Punje akaruka mikononi mwake. Saimi alitazama sufuria ya maji iliyokuwa ikitoa mvuke juu ya jiko dogo. "Unalilia mvuke, mjinga wewe," akakiambia. Alitafuta kitufe hakukiona. Basi akakichukua, akafungua mlango wa ukumbi wa nje, akakitumbukiza katikati ya makoti na kufunga. Huko, kwenye hewa baridi, kikalia mara mbili tatu, kikanyamaza. "Umeona?" akasema, ingawa hapakuwa na wa kumsikia.

Alirudi kwenye kiti. Kichwa kilikuwa kinamgonga kidogo nyuma ya macho. Ni usingizi wa mang'amung'amu, aliwaza. Na kahawa leo nimekunywa kikombe kimoja. Joto lilikuwa tamu. Punje alilala tena, mzito, mdomo wazi. Saimi alitaka kumwimbia lakini maneno ya wimbo hayakuja. Alitaka kutazama saa ya ukutani, akaona kugeuza shingo ni kazi kubwa mno. Kwa mbali alisikia msumeno wa Anniina ukikwaruza, ukikwaruza, halafu ukanyamaza.

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo cha buti. Anniina aliingia amebeba kuni kifua kizima, mashavu yanawaka. Alisimama. Macho yake yalikwenda kwenye rafu.

"Kidude kiko wapi?"

"Nini?"

"Kidude, Bibi! King'ora! Umekiweka wapi?"

"Kilikuwa kinapiga kelele tu. Mvuke…" Ulimi wa Saimi ulikuwa mzito kama wa mlevi, na yeye mwenyewe alishangaa kuusikia.

Kuni zilimwagika sakafuni. Anniina alilifikia jiko kwa hatua tatu, akalivuta bamba la dohani, kisha akageukia dirisha.

"Usifungue!" Saimi alipiga kelele. "Utamuua mtoto kwa baridi! Joto lote…"

Alitaka kuinuka amzuie. Alitaka kweli, aliagiza miguu, na miguu haikuitika. Akarudi kitini kama gunia. Hapo ndipo alipoelewa, na uelewa ule ulimpiga vibaya kuliko maumivu ya kichwa. Makaa. Kimwali cha buluu. Mtoto mikononi.

"Mchukue," alisema. "Anniina, mchukue. Haraka."

Anniina alikuwa ameshamchukua. Alifungua madirisha mawili na milango yote, baridi ikaingia kama maji ya bwawa lililopasuka. Alimfunga Punje kwenye ngozi ya kondoo, akatoka naye hadi ngazi za nje, kisha akarudi na kumshika mama mkwe kwapani.

"Simama, Bibi. Niegemee mimi. Mguu wa kulia. Haya. Wa kushoto."

"Niache, kaa na mtoto."

"Nyamaza utembee!"

Waliketi kwenye ngazi, blanketi moja juu ya mabega yote mawili. Saimi alitapika pembeni, kwenye theluji. Punje alikuwa anapumua, lakini alikuwa amelegea, kichwa kinaangukia popote kinapopelekwa. Anniina alimsugua nyayo, akampuliza usoni.

"Amka, Punje. Amka mama, amka. Lia."

Hapakuwa na simu. Barabara ilikuwa imezibwa na miti pande zote mbili. Kituo cha afya kilikuwa kilomita ishirini na mbili. Saimi aliyajua yote hayo bila kuambiwa, na alijua kwamba Anniina pia alikuwa akiyahesabu. Alitamani atukanwe. Anniina hakumtukana, hakumtazama hata kidogo. Aliendelea kusugua zile nyayo ndogo, kwa nguvu, mpaka zikawa nyekundu.

Muda ulipita ambao baadaye hakuna kati yao aliyeweza kusema ulikuwa mrefu kiasi gani. Kisha Punje akakunja uso, akapiga chafya, akafungua mdomo na kulia kilio cha hasira. Anniina akainamisha paji la uso juu ya ngozi ya kondoo, mabega yakaanza kutikisika.

Nyumba ilishuka hadi nyuzi sita. Makaa waliyachota kwa beleshi wakayatupa nje, yakazama thelujini yakifoka. Kidude walikitoa kwenye makoti na kukisimamisha juu ya meza. Walingoja mpaka kikakaa kimya kabisa ndipo wakafunga madirisha na kuwasha moto upya, wakiwa na makoti na kofia ndani ya nyumba. Punje alinyonya chini ya koti la mama yake. Moto ulipokwisha, Saimi hakuinuka kwenye kiti.

"Niambie wewe wakati wa kufunga," alisema.

Anniina alipekua makaa mara tatu ndani ya saa mbili. Mara ya nne akasema, "Sasa." Hata hapo aliacha upenyo wa kidole kimoja.

Jarkko alifika Jumamosi karibu na adhuhuri kwa pikipiki ya theluji inayokokota sleji ndefu, msumeno wa mashine umefungwa nyuma, ndevu zimeganda. Alimkumbatia mkewe, akamwinua mtoto juu, akamgeukia mama yake.

"Haya, mabibi zangu, mmeishije? Hamjatoana macho?"

Saimi alimtazama Anniina. Anniina alikuwa amejiinamia, akikunja nepi ambayo tayari ilikuwa imekunjwa.

"Tumeishi vizuri," Anniina alisema taratibu. "Kulikuwa na joto."

Mlango wa kuficha yote ulikuwa umefunguliwa hapo. Saimi angeweza kupita tu. Aliona jinsi maisha yangeendelea baada ya hapo, na kwamba hakuna mtu ambaye angejua.

"Mtoto umpeleke kituo cha afya leo," alisema. "Sasa hivi, wamchunguze damu. Jana nilifunga dohani mapema, Jarkko. King'ora kililia nikakitupa nje. Nilikuwa nimempakata. Mkeo ndiye aliyetutoa wote wawili."

Jarkko alimshusha mtoto kifuani. Rangi ilimtoka usoni. Alifungua mdomo, na Saimi akakaa wima kungoja lolote litakalotoka.

"Siyo saa hizi," Anniina alimwambia mumewe. "Utasema baadaye. Washa pikipiki." Kisha akachukua koti refu la Saimi kwenye msumari, akalishika wazi kwa mikono miwili. "Na wewe vaa, Bibi. Hewa hiyohiyo uliivuta na wewe. Tunakwenda wote."