Jerikeni Lililoshikwa na Wote

Jamal mwenye duka alikatwakatwa mchana kweupe, nyuma ya magunia yake ya pojo, na kabla damu haijakauka mji mzima wa Kabati ulikuwa umeshapata muuaji. Panga liliokotwa kwa Mbaluka, mvunja kokoto. Wakamfunga kwenye nguzo ya kinu cha posho, wakampiga mawe hadi jicho moja likapasuka. Askari aliwasihi mpaka wakakubali kungoja nusu saa, Nzisa, mpelelezi wa alama za vidole, aukague mpini wa panga.

Nzisa alijifungia stoo. Mpini ulikuwa umepanguswa, na unga wa kawaida haukuonyesha kitu. Akapaka ule mpya, wenye chembe ndogo kuliko vumbi, zinazonata kwenye jasho la kidole na kung'aa zikimulikwa kwa tochi ya zambarau. Akazima taa. Alama ya dole gumba ikawaka kijani, mistari yote wazi, kovu limeikata katikati.

Mbaluka hakuwa na mistari vidoleni. Kokoto zilikuwa zimeisaga miaka mingi. Kovu lile Nzisa alilijua. Yeye mwenyewe alimkata Kaloki, kaka yake, wakigombania muwa utotoni kule Kalamba. Juzi Jamal alikuwa amemripoti Kaloki kwa wizi wa mbuzi. Na sauti ya Kaloki ndiyo iliyokuwa nje ikidai petroli.

Mlango ulikuwa hatua sita. Nzisa akakaa juu ya gunia. Damu nzito kuliko maji, husema wasemao, wala hawasemi damu ya nani. Aliogopa, basi. Alipoinuka, nusu saa ilikuwa imepita na mayowe yalikuwa yameshapanda.

Jerikeni lilikuwa limepita mkono kwa mkono, kila mtu akimwaga kidogo, kama wazee walivyofanya zamani: wakiua wote, hakuna aliyeua. Mbaluka alikuwa bado anarusha miguu ndani ya moto. Nzisa alimmwagia mchanga kwa mikono mitupu mpaka miguu ikatulia.

Kisha akamtia kaka yake pingu.

"Nzisa, si tuko wengi?" Kaloki akauliza taratibu. "Utashika nani?"

"Kila mtu na kidole yake. Naanza na yako."

Muthoki, dadake Mbaluka, alifika mbio kutoka soko la Tulia. Hakulia. Askari alimweleza kuhusu mpini, naye akamgeukia Nzisa.

"Ulijua saa ngapi kwamba si yeye?"

Nzisa alitazama mikono yake, ambayo haikugusa jerikeni.

"Kabla ya kiberiti," akasema.