Vumbi la Mwongozaji Kuzumi

Kazi yangu ni kuwashawishi watu wa filamu waje kupigia picha zao Kiryu, mji wetu mdogo wa Japani. Aliyenipa kazi hiyo hakuniuliza kama naweza kuzungumza na watu. Nikiwa kwenye simu humwinamia mtu asiyeniona, na maneno mazuri hunijia nikishaikata.

Lakini kupiga picha naweza. Nilikipiga kiwanda cha hariri cha kando ya mto, kile chenye paa la meno ya msumeno, ambacho hakijafuma hata leso tangu nikiwa chekechea. Vioo vilikuwa na ukungu, mitambo imevaa kutu, mmea wa kutambaa umeingilia dirishani na kutokea mlangoni, na vumbi limelala juu ya kila kitu kama blanketi. Nikazituma picha kwa Mwongozaji Kuzumi wa Tokyo. Akapiga simu mwenyewe.

"Binti, hilo vumbi ni la kweli?"

"Ndiyo, Mwalimu," nikasema, maana kwetu mwongozaji huitwa hivyo kwa heshima.

"Usiliguse. Asiliguse mtu. Nakuja Jumamosi. Kuna mji mwingine nauangalia pia, lakini vumbi lao ni nyonge."

Nililia kwa furaha, kisha kwa hofu. Mwenye kiwanda alikuwa ameshasema: filamu hii isipopatikana, mwezi ujao tingatinga linaingia na pale panakuwa maegesho ya magari.

Kilichobaki ni kumwarifu Bibi Tokiwa, mwenyekiti wa mtaa na mshika ufunguo, aliyefuma mle ndani tangu usichana wake hadi kiwanda kilipofungwa. Njia nzima nilifanya mazoezi: Bibi, tafadhali, msisafishe. Nilipofika akanikaribisha chai na figili za chumvi, nikamtazama usoni, nikaona siwezi. Utamwambiaje bibi wa watu kwamba wageni wanatoka Tokyo kuja kuutamani uchafu wa mahali alipouacha ujana wake?

"Bibi," nikasema, "Jumamosi watakuja wageni kukiona kiwanda kama kilivyo. Tafadhali msijisumbue kwa lolote."

"Aa, hatutajisumbua kabisa, Nagi mwanangu," akajibu, macho yakimng'aa.

Kwetu, mwenyeji akiambiwa asijisumbue anajua la kufanya. Hata paka wa Kiryu wanajua. Ni mimi tu, mwenye shahada ya mawasiliano, niliyerudi nyumbani nikalala usingizi mnono.

Jumamosi nilimpokea Kuzumi stesheni, mtu mrefu mwenye kofia ya sufu. Njiani alikuwa akiimba kwa sauti ya chini. Tulipokata kona ya mtoni, akanyamaza.

Kiwanda kilikuwa kinametameta. Vioo vilimulika jua hadi tukafumba macho. Mmea ulikuwa umekatwa. Akina mama wa mtaa, vitambaa kichwani, walisimama mstari mmoja mlangoni wakainama kwa pamoja. Ndani mitambo ilinukia mafuta, na sakafuni ungeweza kula wali bila sahani.

Kuzumi alipita katikati ya mitambo polepole, kama aliyefiwa.

"Vumbi liko wapi?"

"Limekwisha, Mwalimu!" akasema Bibi Tokiwa. "Hata chembe. Tafuta popote!"

Kuzumi akavua kofia. Akaniuliza kwa upole, upole unaouma kuliko ukali, treni ya kwenda ule mji mwingine inaondoka saa ngapi.

Ratiba ya treni naijua yote. Nilifungua mdomo nimwambie, maana mimi ni mtu wa kusaidia. Kikatoka kingine.

"Vumbi ndilo alilolifuata!" Sauti yangu ikagonga paa ikanirudia, nikaiogopa. "Bibi, alitaka kutu, alitaka buibui, alitaka uchafu wote! Nilijua, nikaona haya kukwambia!"

Ufagio wa mama mmoja ukaanguka.

"Ulijua," akasema Bibi Tokiwa.

"Nilijua."

"Nami nimepanda ngazi na goti hili bovu, nikiwatoa buibui mmoja mmoja, nikiwaomba radhi?"

"Nisamehe, Bibi."

"Mdomo umepewa wa kulia tambi tu wewe!" Akina mama wakaangua kicheko. "Kumbe mtu mwenyewe anataka uchafu! Mgongo umenikatika bure. Mwalimu, acha habari za treni. Uchafu wako upo."

Akatupeleka nyuma. Ukutani ilipangwa mifuko ya plastiki iliyofungwa vizuri. Walikuwa wamesafisha Ijumaa mchana, gari la taka limeshapita asubuhi, nalo haliji tena hadi Jumanne. Katika mtaa wa Bibi Tokiwa, kuliko kutoa mfuko barabarani kabla ya siku yake, heri uibe. Tena walikuwa wameutenga uchafu kama inavyotakiwa: vumbi kivyake, majani kivyake, kutu kivyake, utando wa buibui kivyake.

Kuzumi akafungua mfuko, akatia mkono, akacheka hadi akakaa chini.

Tulishinda tukilirudisha vumbi kwa chekeche, akina mama wakibishana.

"Hilo la chumba cha rangi, mbona unalimwaga hapa?"

"Vumbi ni vumbi!"

"La kwenu, labda!"

Mmea haukurudi, na mitambo iliyosuguliwa ilibaki inang'aa kwa aibu. Lakini hewa ilipojaa vumbi, miale ya jua ikaonekana ikishuka kutoka paani, na Bibi Tokiwa akasimama kati yake akikohoa na kutoa amri. Kuzumi akamtazama muda mrefu.

"Tunapigia hapa," akasema. "Kwa sharti moja. Fagio ziondoke."

"Zote?" Bibi akauliza, kama aliyeombwa mtoto.

"Zote, Bibi," nikasema mimi. Na sikuzimia.

Jioni Bibi alinikaribisha kwake, tambi zetu pana kama mikanda zikichemka jikoni.

"Asante, Bibi, usijisumbue."

Akasimama na upawa mkononi. "Hiyo ni ya kweli au ya adabu?"

Nikafikiri. Tumbo likanguruma.

"Ya adabu," nikasema, naye akanijazia bakuli.