Sauti Iliyoazimwa Harusini

Ghalia alipokuja kumwomba Mahfoudha amwimbie wimbo kwenye kaseti, alikuja na sahani ya halwa, na mtu akikujia na halwa siku isiyo na sababu, sababu anayo. Mahfoudha hakuliona hilo. Ghalia alikuwa wifi yake, dada wa mumewe Hamed, na tangu warudi Ibra, huku Omani, kutoka Bujumbura hakuwa na mtu wa karibu kuliko yeye.

"Kuna harusi Al Qabil, habibti," Ghalia alisema. "Watu wa kwetu, lakini hawana mwimbaji. Nitilie ule wimbo wako wa Kihindi."

"Wa Kitamil."

"Haya, wa Kitamil."

Mahadhi ya wimbo huo Mahfoudha aliyachukua kwa jirani yake Selvi, nesi wa Kitamil aliyekuwa akipika huku kaseti za filamu za kwao zikilia mpaka uani. Maneno ya Kiswahili alitunga mwenyewe. Selvi ndiye aliyemweleza, kwa Kiarabu chao cha kuungaunga, kwamba mabinti wa kwenye filamu hawaimbi. Wanafumbua midomo tu, na mwenye sauti ni mwanamke mwingine aliyesimama chumbani mbele ya maikrofoni.

"Na yeye hakasiriki?" Mahfoudha aliuliza.

"Jina lake hili hapa," Selvi akamwonyesha kava la kaseti. "Watu wote wanamjua."

Maneno hayo yalimkaa moyoni. Yeye aliimba jikoni tu, na Hamed akirudi kutoka kazini hufungua redio kwa nguvu asikilize habari. Basi akampa Ghalia sharti moja: wimbo ukipigwa, watu waambiwe anayeimba ni Mahfoudha.

"Wallahi nitawaambia," Ghalia aliapa. "Ila majina ya maharusi usiyataje. Sema bwana harusi na bibi harusi, khalas."

Wimbo wa harusi usiotaja wenye harusi! Mwingine angeuliza. Mahfoudha alikwisha kuvimba kichwa kwa sifa, akaimba.

Siku ilipofika, Ghalia alimwambia asijisumbue na safari kwenye joto lile. Hamed naye alikuwa na kazi Nizwa. Asubuhi Mahfoudha alimpigia pasi dishdasha, kanzu yake mpya, naye Hamed akaondoka. Alasiri uvumilivu ukamshinda. Mwimbaji gani akae nyumbani siku anayosifiwa? Akajitanda buibui, akapanda pikapu na wanawake waliokuwa wakielekea Al Qabil.

Huko harusini aliketi nyuma kabisa ya chumba cha wanawake. Mbele, Ghalia alikuwa ameikalia redio kaseti kama mwenye mali. Mara zikasikika sauti, "Bwana harusi anaingia!" Wanawake wakajifunika, Ghalia akabonyeza, na sauti ya Mahfoudha ikajaa chumba, tamu, imenyooka, ikimkaribisha bwana kwa mkewe. Vigelegele vikapigwa. Mahfoudha machozi ya furaha yakamlenga, akainua shela kidogo atazame.

Alikuwa Hamed, ndani ya ile dishdasha.

Hamed angeoa, akamwambia, yeye angelia akanyamaza. Wangapi wameyapokea hayo? Lakini kumwimbisha! Kumfanya ampokee mke mwenzake kwa mdomo wake mwenyewe, na wifi yake akimlisha halwa!

Hamed aliketi ubavuni mwa binti aliyejaa dhahabu, akainamisha kichwa, akasikiliza. "Mashallah," akamwambia dada yake. "Nani huyu anayeimba?"

Hakuijua sauti ya mkewe. Miaka yote chini ya paa moja, na hakuijua. Hilo lilimkata maini Mahfoudha kuliko ndoa yenyewe.

Ghalia akadakia. "Mwimbaji mmoja wa Mombasa. Nimenunua dukani."

Mahfoudha akasimama, akavua shela mbele ya wote. Kaseti ilikuwa imefika ubeti wa kuwaombea maharusi watoto.

"Mwongo huyo," akasema. "Ni mimi, Hamed. Mkeo."

Chumba kizima kikageuka. Ghalia akanyoosha mkono haraka kuizima redio.

"Iache," Mahfoudha akamwambia. "Iache imalize. Mume wangu leo ndiyo kwanza ananisikiliza."